Mbuke na Geti la Mgodi

Watu wa mtaa wetu wa Ngokolo wakitaka barua ya kuombea kazi wanakuja dukani kwangu, lakini hawanitaki mimi. Wanamtaka Mbuke. Mimi ndiye mwenye steshenari, jina langu Mwamvua Akida limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu, na bado mteja akinikuta peke yangu kwenye kompyuta anasema, "Basi nitapita baadaye, Mama Raudha." Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawawahi kabla hawajafungua mdomo: amekwenda kula, kaa hapo kwenye benchi.

Naandika habari zake kwa sababu hapa mtaani wameshamsema wakamaliza. Wanasema alirudishwa kutoka getini kwa mgodi kwa ulevi. Mbuke Maganga, mlevi! Binti wa kwaya ya kanisa la AIC, ambaye kwenye harusi ya mdogo wangu alishika Fanta moja tangu maharusi wanaingia mpaka viti vinakusanywa. Mlevi akiingia dukani, Mbuke anamhudumia huku amebana pumzi. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na nikilisikia neno hilo natamani kumrushia mtu stepla. Bibi yake hajui kusoma, ndiyo maana nathubutu kuandika. Na nyie wa Songwa mtakaoyasoma haya, nawaomba mfunge midomo yenu.

Alizaliwa huko Songwa, kijijini. Mama yake alimwacha mchanga, akafariki. Baba yake akaenda Geita kuchimba dhahabu na wachimbaji wadogo, na shimo likamfukia yeye na wenzake wawili kabla Mbuke hajaanza shule. Akalelewa na mama wa baba yake, Bibi Milembe, mkulima wa mtama na pamba. Ukisimama shambani kwao unauona uzio wa mgodi wa almasi, na Bibi Milembe amezeeka akiutazama uzio huo kwa nje. Nilipozoeana naye aliniambia kwamba anachotaka duniani ni kitu kimoja: mjukuu wake aingie mgodini kwa geti, kitambulisho kikiwa shingoni, siyo kwa shimo kama baba yake.

Mbuke alisoma, akarudi na shahada ya uhandisi wa mazingira. Siku ya kwanza alikuja dukani kutoa nakala ya vyeti vyake akanikuta napigana na mashine ya fotokopi iliyokwama karatasi, maana mimi nikishindwa na mashine huwa naipiga. Akaniomba nisogee. Akaifungua, akatoa kipande cha karatasi kidogo kama ukucha, akaifunga, ikafanya kazi. Nikamwambia akikosa pa kwenda kesho aje. Akaja kesho, na kesho kutwa, na miaka mitatu ikaisha. Katika miaka hiyo aliwaandikia watu barua sijui mia ngapi. Wengine walipata kazi, wakarudi kushukuru na keki. Zake yeye hazikuwahi kujibiwa.

Agosti mwaka jana likatoka tangazo. Kampuni moja kubwa ya dhahabu upande wa Geita, sitaitaja, ilikuwa inatafuta wahitimu wa kuwafundisha kazi kwa miaka miwili na kisha kuwaajiri. Sharti lake lilikuwa moja lenye meno: mwombaji asiwe amezidisha miaka mitatu tangu ahitimu. Miaka mitatu ya Mbuke ilikuwa inaisha Novemba. Alinisomea tangazo hilo kwa sauti, akasema, "Hii ndiyo ya mwisho, Mama Raudha. Ikipita hii, mimi ni wa kuchapa barua mpaka nizeeke." Nilimwambia asinitukanie duka. Lakini nilijua anasema kweli.

Mtihani wa kwanza aliufanya pale pale dukani, kwa mtandao. Maswali thelathini ya hesabu na mantiki kwa dakika ishirini na tano. Nilifunga mlango, nikazima mashine zote, nikasimama nje kama askari kuwafukuza wateja. Mzee mmoja aliyetaka picha za pasipoti alinisema sana, nami nikamjibu zaidi ya alivyonisema. Mbuke alitoka jasho likimtiririka. Wiki mbili baadaye wakampigia. Waombaji walikuwa maelfu, walioitwa Geita kwa siku nzima ya usaili na majaribio ni ishirini na wanne, naye yumo. Nilipiga vigelegele mpaka muuza matunda wa nje akaingia kuuliza nani kaolewa.

Sasa hapa ndipo lazima niseme habari ya togwa.

Bibi Milembe ni mtu wa mila. Mtu wa kwao akienda kwenye jambo zito, wakubwa wake waliotangulia huarifiwa, na yeye hunyweshwa pombe ya mtama iliyotamkiwa maneno. Mbuke ameokoka, pombe hanywi. Wawili hao walikwishagombana kwa hilo miaka ya nyuma, alipokuwa anakwenda chuoni, wakaachana huku wamenuniana. Safari hii bibi hakutaka ugomvi. Akafikiri peke yake, akaja na suluhu: badala ya pombe, atatumia togwa. Unga wa mtama ule ule na kimea kile kile, lakini yenyewe hailevyi. Togwa anapewa mtoto anayetambaa. Togwa wanakunywa hata wachungaji wakitembelewa vijijini. Nani aliwahi kulewa togwa?

Akaja nayo Jumanne asubuhi, ndani ya chupa ya maji ya nusu lita, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Mbuke alikuwa ametoka, nikaipokea mimi.

"Mwangaluka, Mama Raudha," akanisalimu. "Mpe ng'wanawane, huyu mwanangu, hii. Asiifungue njiani. Aifungue kwenye uzio wao, akiwa bado yuko nje. Ateme kidogo mashariki, kidogo magharibi, halafu anywe yote. Yote, umesikia? Ndipo avuke."

"Nimesikia, bibi."

"Mwambie siyo pombe. Mwambie nimemheshimu Yesu wake."

Nilicheka, naye akacheka na mapengo yake. Friji langu la dukani siku hiyo lilikuwa limejaa soda. Nikaiweka chupa kwenye rafu, nyuma ya mashine ya fotokopi, isije ikapinduliwa na wateja. Ikakaa hapo Jumanne nzima na usiku wake. Jumatano mchana Mbuke akaichukua, akaitia kwenye mkoba na vyeti vyake, akapanda basi la Geita. Alipoambiwa maneno ya bibi yake kuhusu Yesu, machozi yalimlengalenga. "Basi hii nitainywa," alisema. "Nitainywa yote."

Yaliyobaki amenisimulia mwenyewe, mara nyingi, kwa vipande.

Alhamisi saa mbili asubuhi walikusanywa kwenye ukumbi wa mafunzo wa kampuni, nje ya uzio wa mgodi. Kila mmoja alipewa beji yenye jina. Vijana wengine walikuwa wamevaa suti zinazong'aa. Mbuke alivaa sketi nyeusi na blauzi ya Raudha wangu. Msimamizi wa siku alikuwa dada mmoja wa ofisi ya ajira anayeitwa Juliana, mpole wa sauti lakini kalamu yake haitulii. Wasaili wengine walikaa kwenye kona za ukumbi na makaratasi, wakiwatazama watu hata wanavyomimina chai. Mbuke alisema chai hiyo hakuinywa.

Kwanza ilikuwa kazi ya kikundi, watu sita mezani. Walipewa ramani ya kijiji cha kubuni kilicho jirani na mgodi na bomba moja la maji, waamue ndani ya dakika arobaini bomba lipite wapi. Kijana mmoja, Ibrahimu, aliteka meza tangu mwanzo. Anajua kusema, Kiingereza chake kinatoka kama bomba lenyewe. Shule ipate, zahanati ipate, kaya hizi zipate, wakamaliza mapema wakaanza kutabasamu. Mbuke muda wote alikuwa anaandika wanayosema wengine. Zikiwa zimebaki dakika nane akauliza, "Ng'ombe wanakunywa wapi?"

Wakamtazama. Akawaambia kijiji cha huku kwetu hakina watu tu. Ukileta maji ya watu ukasahau ya ng'ombe, wiki ya kwanza ya kiangazi ng'ombe watakuja kwenye bomba la shule, na wiki ya pili bomba halitakuwepo. Akachora birika la kunyweshea mifugo mbali na zahanati, akaonyesha maji yatakavyofika. Ibrahimu, namshukuru kwa hili, alimwachia yeye asimame kuwaeleza wasaili. Msaili mmoja mzungu aliyekuwa ameegemea ukuta aliacha kuegemea.

Kisha usaili wa mtu mmoja mmoja. Juliana akamuuliza aeleze siku aliyokosea kazini na alichofanya. Nimemwona Mbuke akiwafundisha wateja wangu majibu ya swali hilo: sema ulikuwa unajituma kupita kiasi, sema hivi, sema vile. Yeye mwenyewe alisema ukweli. Alisema aliwahi kukosea tarakimu moja ya namba ya simu kwenye barua ya mama mmoja mjane, na mama huyo akasubiri simu miezi miwili. Alipogundua alikwenda kwake Ibadakuli kwa miguu kumwambia, na tangu siku hiyo humsomea mteja namba yake kwa sauti kabla hajachapa. Juliana alinyanyua kichwa, akamtazama kwa mara ya kwanza bila kuandika.

Saa sita na nusu wakasoma majina. Kumi na watano waliambiwa asante, wakarudisha beji zao. Tisa wakabaki. Walibakiza kuingia ndani ya mgodi, kuuona, na kukaa na meneja kwa dakika kumi kumi. Mbuke akiwa anatoka msalani alikutana na Juliana kwenye korido. Dada huyo hakupaswa kusema kitu, lakini alisema. "Meneja anataka tu kuwaona nyuso. Wewe tulia."

Mbuke alinipigia simu wakati huo. Alikuwa anacheka na kulia. Niliwaambia wateja wote waliokuwa dukani siku hiyo kwamba leo nakala ni bure, na sijutii.

Baada ya chakula waliambiwa basi linaondoka dakika kumi zijazo, linakwenda moja kwa moja getini. Akatoka nyuma ya ukumbi, mahali uzio unapopita, akatoa chupa. Alipoifungua ilitoa povu. Alidhani ni kutikiswa na basi. Akasali kwanza kwa jina la Yesu, kisha akatema kidogo mashariki na kidogo magharibi, akanywa yote. Ilikuwa kali kidogo, alisema, lakini bibi yake siku zote anapenda togwa iliyochachuka. Akafuta mdomo, akapanda basi akiwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo, maana kwa mara ya kwanza katika maisha yake amewaridhisha wote, Mungu na bibi.

Getini kila anayeingia anapuliza kipimo cha pombe. Awe meneja, awe fundi, awe mgeni, anapuliza. Mbuke alilijua hilo, liliandikwa hata kwenye barua ya mwaliko, na halikumpa wasiwasi hata chembe. Pombe na yeye wapi na wapi? Alisimama kwenye foleni nyuma ya Ibrahimu akiimba kimoyomoyo.

"Puliza, dada," mlinzi akamwambia. "Endelea, endelea, endelea. Basi."

Taa ikawaka nyekundu.

Mlinzi akatazama kipimo, akamtazama yeye, akakibadilisha kwa kingine. Nyekundu. Wenzake wanane walikuwa wamekwishavuka, wamesimama upande wa ndani wanatazama. Mlinzi alikuwa mtu mzima, Msukuma wa Kahama, jina lake Bujiku. Akamvuta pembeni.

"Umekunywa nini, ng'wanawane?"

"Togwa tu, baba. Bibi yangu kanipa."

"Togwa ya lini?"

"Ya juzi. Aliileta Jumanne."

Mbuke anasema mzee huyo alifumba macho kabisa. "Mwanangu," alimwambia, "na joto hili? Ya juzi siyo togwa tena."

Utaratibu wao ni kusubiri dakika ishirini na kupuliza tena. Bujiku akampa maji asukutue, akampa kiti chake mwenyewe. Basi likasubiri. Mbuke alisukutua mpaka maji yakaisha. Alisali zaburi zote anazozijua. Alipopuliza tena namba ilikuwa imeshuka, imeshuka sana, ilikuwa ndogo hata kuisoma ni shida. Lakini sheria ya mgodi ule ni sifuri, na haikuwa sifuri.

Juliana akatoka nje ya geti kuja kumwona. Mbuke alimweleza yote, uzio, mashariki, magharibi, bibi. Juliana alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anamwamini. Akasema yeye mwenyewe amelelewa na togwa huko kwao. Halafu akasema kipimo kimeshaingia kwenye mfumo, hakifutiki, na aliyeonekana na pombe getini haruhusiwi kuomba kazi pale kwa miezi kumi na miwili. Akamwomba asaini karatasi na arudishe beji. Basi likavuka. Bujiku alimsindikiza Mbuke mpaka barabarani, akamsimamishia gari, akamwambia dereva amshushe stendi salama.

Alirudi dukani Ijumaa saa nne. Aliponisimulia nilitukana kampuni, nikatukana kipimo, nikamtukana meneja ambaye sijawahi kumwona. Kisha nikageuka nikaiona rafu nyuma ya mashine. Ile mashine inafanya kazi kutwa, nyuma yake ukiweka mkono hauvumilii. Ningetoa soda moja tu kwenye friji. Soda moja! Nilimwambia Mbuke kwamba mimi ndiye niliyemuua. Akanishika mikono, akasema, "Ungejuaje, Mama Raudha? Hata mimi sikujua, na mimi ndiye Msukuma." Sijajisamehe mpaka leo, na simwombi mtu anifariji.

Akaniomba kitu kimoja tu: bibi asijue. "Alifikiri siku nyingi ili asinikosee," alisema. "Akijua, hatapika tena hata uji."

Bibi Milembe alikuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Wateja wanne walikuwa kwenye benchi. Mbuke akatoka nyuma ya kompyuta, akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamekupa?"

"Hapana, bibi. Nafasi zilikuwa chache."

Bibi alikishika kikapu chake kwa mikono miwili. Nilidhani atalia. Hakulia. Uso wake ulikuwa unakaza taratibu. "Haiwezekani," alisema. "Sisi tumefanya kila kitu. Ulikunywa?"

"Nilikunywa yote."

"Basi kuna mtu ametufunga." Akageukia benchi, akawaambia watu asiowajua. "Namjua. Ni Ngolo, jirani yangu. Aliniuliza ile togwa naipika ya nini, na yale macho yake mekundu. Leo leo napita kwa mganga, na wanaume wa kijiji wataambiwa."

Macho ya Ngolo ni mekundu kwa moshi wa jikoni, kama ya bibi kizee yeyote anayepikia kuni. Lakini huku kwetu, mwanamke mzee akishatajwa kwa uchawi hivyo mbele ya watu, habari inaweza isiishie kwenye maneno. Wapo waliozikwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mbuke alilijua hilo kuliko mimi mtu wa mjini.

"Bibi, hakuna aliyetufunga," alisema. "Nimekudanganya. Nililala. Asubuhi ile sikuamka, nikachelewa gari, nilipofika geti lilikuwa limefungwa."

"Ulilala?"

"Nililala, bibi. Ngolo hana kosa. Hakuna mwenye kosa ila mimi."

Mimi nilinyanyuka. Wallahi nilinyanyuka, ukweli wote uko kwenye ulimi, na Mbuke akiwa bado magotini akaishika kanga yangu kwa chini, akaivuta kwa nguvu. Nikakaa.

Bibi Milembe hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema polepole, kwa Kiswahili, ili benchi nzima ielewe. Alisema mwanawe alikufa ardhini akitafuta riziki huko huko Geita. Alisema yeye amelima na mgongo umepinda. Alisema wakubwa waliolala waliamshwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo naye amelala. "Nilidhani nimelea mtu," alisema.

"Nisamehe, bibi."

Gari la kwenda Kishapu, linalopita Songwa, lilikuwa linapiga honi ng'ambo ya barabara. Mbuke akanyoosha mikono miwili kupokea kikapu amsindikize, kama anavyofanya siku zote. Bibi yake akampita. Akampa kikapu mteja mmoja wa kwenye benchi, mwanamke tusiyemjua hata kwa jina, akamwomba kwa adabu ambebee mpaka kwenye gari.